Makabrasha ya Jopo la Vijana: Tuliyoyatumia Kirumba na Tuliyoyaweka Kando

Tangu mwezi wa tatu mwaka jana, mimi na wenzangu wawili tunaojitolea kama wasaidizi wa kisheria hapa Kirumba, jijini Mwanza, tumekuwa tukikutana kila Jumamosi na vijana 23 wenye umri wa kati ya miaka 13 na 17, katika darasa tuliloazimwa na shule ya jirani. Nia yetu ilikuwa kuwapa nafasi ya kusuluhisha wao kwa wao yale makosa madogo ambayo kwa kawaida huishia kwenye fimbo ya mwalimu wa nidhamu, au kwenye kelele za mtaani, au, yakizidi, kwenye kaunta ya polisi. Kwa kuwa hatukutaka kuanza kwa kubahatisha, tulikusanya makabrasha yote ya bure tuliyoweza kuyapata kuhusu kile ambacho Wamarekani hukiita mahakama za vijana, pamoja na yale ya ujenzi wa jamii ambayo huenda nayo sambamba. Tukayasoma, tukatafsiri sehemu, tukayajaribu. Nayapima hapa kwa swali moja tu: je, yanamfaa mtu anayeifanya kazi hii katika kata ya Tanzania, akiwa na karatasi, kalamu na bando la wiki?

Kwa ambaye hajawahi kuusikia utaratibu huu, mahakama ya vijana ya Marekani haifanani na Mahakama ya Watoto iliyoundwa na Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo ina hakimu wake na nguvu za dola. Ni mpango wa kando, ambamo kijana aliyetenda kosa dogo, mara nyingi kwa mara ya kwanza, hukiri kosa lake kisha akasikilizwa na vijana wenzake, nao hawaamui kama ametenda au hakutenda, bali huamua afanye nini ili kurekebisha alichokiharibu. Makosa yenyewe ni kama wizi mdogo wa dukani, kupigana, kuharibu mali, au kukutwa na pombe. Mpango unaotajwa mara nyingi kuwa kielelezo ni ule wa Odessa, Texas, ulioanza mwaka 1983, na katika muongo wa kwanza wa karne hii idadi ya mipango ya namna hiyo nchini Marekani ilipita 1,000. Pamoja na kazi za kujitolea, barua ya kuomba radhi, insha na fidia, kijana huyo hupewa jukumu moja ambalo ndilo lililonivutia tangu mwanzo: kurudi baadaye na kuketi katika jopo, amsikilize mwenzake.

Kabrasha kubwa kuliko yote tuliyoyapitia ni miongozo ya kitaifa iliyotolewa mwaka 2000 na kituo cha kitaifa cha mahakama hizo, kilichokuwa chini ya American Probation and Parole Association, chama cha maafisa wanaosimamia wakosaji walioachiwa chini ya uangalizi, huko Lexington, Kentucky. Uzuri wake wa kwanza ni kwamba haianzii kwenye chumba cha kusikilizia mashauri. Inaanzia kwa watu: ni nani akubali mpango uwepo, ni nani alete mashauri, ni nani awajibike mambo yakiharibika, ndipo ije kwenye fedha, sheria, uteuzi wa vijana, mafunzo, uendeshaji na tathmini. Sisi, kwa haraka zetu, tuliiruka sura hiyo ya kwanza tukidhani ni maneno ya kujazia kurasa, na tulilipa. Katika wiki ya tatu tuliitwa ofisi ya mtaa na kuulizwa, mbele ya wazee wanne, ni nani aliyetupa mamlaka ya kuhukumu watoto wa watu. Mzee mmoja, ambaye alikuwa kijana Sungusungu ilipoenea Usukumani miaka ya 1980, alitaka kujua kama tunarudisha faini za ng'ombe na kutenga watu. Lilikuwa swali la haki kabisa. Tulirudi nyumbani tukaisoma ile sura, safari hii kwa kalamu.

Kutokana na kikao hicho tuliliacha neno mahakama, na namshauri kila atakayeyatumia makabrasha haya aliache mapema. Kwa Kiingereza cha Marekani neno hilo huenda lina mchezo ndani yake. Kwetu mahakama ni jengo lenye bendera na askari mlangoni, na anayejiita hakimu bila kuteuliwa anajitafutia kesi. Tulifikiria kusema baraza, tukakumbushwa kwamba Mabaraza ya Kata yana sheria yao tangu mwaka 1985 na watu wangechanganya mambo. Tukaishia kwenye jopo. Ni jina lisilo na fahari yoyote, na hiyo ndiyo sifa yake.

Miongozo na vitabu vya mafunzo vinavyoambatana nayo vinaeleza mifumo minne. Katika wa kwanza, ambao Marekani ndio umeenea kuliko mingine, mtu mzima ndiye hakimu na vijana ni mawakili na wajumbe. Wa pili unafanana na huo, ila hakimu pia ni kijana. Wa tatu una jopo la mahakimu vijana, kwa kawaida watatu, wanaosikiliza hoja za mawakili vijana. Na wa nne hauna mawakili kabisa, bali wajumbe humwuliza kijana maswali wao wenyewe, ana kwa ana. Kurasa nyingi zimetengewa mifumo yenye mawakili: jinsi ya kufungua hoja, jinsi ya kufunga hoja, jinsi ya kusimama mbele ya kiti. Zimeandikwa kwa ustadi, na mwalimu wa mdahalo angezipenda sana.

Hapa kwetu nazihesabu kuwa hasara ya karatasi, na sababu imo ndani ya sheria yetu wenyewe. Kifungu cha 99 cha Sheria ya Mtoto kinataka shauri la mtoto lisikilizwe faragha, afisa ustawi wa jamii awepo, na mwenendo usiwe wa kirasmi kupita kiasi, uende kwa njia ya kuulizana na si kwa mivutano ya pande mbili. Kinampa mtoto pia haki ya kujieleza na kutoa maoni yake. Kama mahakama yenyewe, yenye hakimu aliyesomea, inaelekezwa isimweke mtoto katikati ya mvutano wa mawakili, itakuwaje sisi wa darasa la kuazima tumweke? Mfumo wa nne, ambao makabrasha yanauelezea kwa kurasa chache kuliko mingine, ndio ulio karibu zaidi na roho ya kifungu hicho.

Nikiri kwamba vijana wetu hawakulipenda hilo. Walikuwa wameona picha za joho na nyundo ya hakimu, na mmoja alikwisha kuchonga nyundo ya mti wa mwembe. Jumamosi mbili za mwanzo tuliwaruhusu wajaribu mfumo wa mawakili kwa shauri la kubuni la simu iliyopotea, na yaliyotokea yalitutosha. Kijana aliyekuwa mwendesha mashitaka alinguruma, aliyekuwa wakili alipinga kila kitu hata jina la shule, wote wakacheka, na msichana aliyeigiza kuwa mkosaji akakaa dakika 40 bila kuulizwa jambo hata moja. Nyundo tumeitundika ukutani.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo, kwangu, peke yake inatosha kumfanya mtu ayatafute makabrasha haya: mazoezi ya kuuliza maswali. Yanamfundisha mjumbe kutofautisha swali linalofunga mdomo na swali linaloufungua, kuuliza moja kwa wakati mmoja, kungoja jibu bila kulijaza, na kufuata jibu alilopewa badala ya kukimbilia swali lililofuata kwenye karatasi. Kuna mazoezi ya wawili wawili, ya kikundi, na ya kumwangalia mwenzako akiuliza huku ukihesabu mara alizomkatiza mtu. Tuliyafanya yote, mengine mara tatu, na sikuona kijana aliyeyachoka.

Hata hivyo huwezi kuyatafsiri neno kwa neno. Swali lao pendwa, likigeuzwa moja kwa moja, ni "Kwa nini ulifanya hivyo?" Kwa Kiswahili cha nyumbani hilo si swali, ni karipio, na kila mtoto wa Mwanza analijua jibu lake, nalo ni kuinamisha kichwa. Tulipobadilisha tukauliza "Ilikuwaje siku ile?", midomo ilifunguka. Vivyo hivyo, "Ni nani aliyeumia kwa kitendo chako?" lilizaa jibu la mkato, lakini "Nani mwingine mambo haya yamemfikia?" lilimfanya kijana mmoja amtaje bibi yake, kisha dereva wa bodaboda aliyemkopesha nauli, kisha mdogo wake ambaye shuleni sasa anaitwa ndugu wa mwizi. Tulibadilisha pia majina ya watu kikaoni. Makabrasha yana neno la kisheria la kumwita kijana aliyekosa. Sisi tulijaribu mshitakiwa, likatia hofu, tukajaribu mhojiwa, likanuka kituo cha polisi, na mwishowe vijana wenyewe wakasema aitwe mwenzetu. Naye mlalamikaji, kama ni mtu mzima, huamkiwa kwanza shikamoo na wajumbe wote ndipo aketi, akaitwa mama au baba. Hakuna kabrasha lililotuambia hivyo, na bila hivyo kikao hakiendi.

Shauri la kwanza la kweli tulilopokea, ambalo baadhi ya maelezo yake nimeyabadili ili mtoto asijulikane, lilihusu ndoo ya dagaa iliyochukuliwa kwenye vichanja karibu na soko la samaki la Mwaloni na mvulana wa miaka 14. Mama mwenye dagaa alikuwa tayari kusamehe kama angelipwa na kuombwa radhi. Mzazi alikubali, mwenyekiti wa mtaa alijua, na afisa ustawi wa jamii aliketi nasi. Wajumbe walipotoka kwenda kushauriana, pendekezo la kwanza, lililotolewa bila kusitasita na wajumbe watano kati ya sita, lilikuwa viboko. Wa sita alitaka vingi zaidi.

Hapo ndipo makabrasha yalipotuacha mikono mitupu. Yana orodha ndefu ya adhabu zinazofaa na maelezo mazuri ya jinsi ya kuilinganisha adhabu na kosa, umri na uwezo wa kijana, lakini hayana ukurasa hata mmoja unaomsaidia mwezeshaji kuzungumza na vijana ambao maisha yao yote marekebisho yamekuja kwa fimbo. Kwetu viboko shuleni bado vinaruhusiwa. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha vinne, tena kwa mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi. Kwa hiyo kijana anayependekeza viboko hana roho mbaya. Anataja kitu pekee alichokiona kikifanyika. Tulitumia saa nzima kuwauliza: baada ya viboko, mama atapata dagaa zake? Mvulana atapita vichanjani kesho akiwa ameinua uso? Walifika wenyewe kwenye uamuzi kwamba alipe thamani ya ndoo kidogo kidogo kutoka kwenye mayai ya kuku wake, akiyapeleka malipo kwa mikono yake, na kwamba akimaliza ataketi jopo mara mbili. Alimaliza wiki ya tisa, akaketi mara nne, kwa kuwa alikataa kuondoka.

Kuhusu kazi za kujitolea, ambazo Marekani ndiyo adhabu inayotolewa kuliko nyingine, ninayo tahadhari. Makabrasha yanaziandika kwa saa na kuzihesabu kwa fomu, na hilo ni jema, lakini kwetu ni rahisi sana kazi ya jamii kugeuka kuwa kibarua cha bure kwa mtu mzima. Sheria ya Mtoto inaruhusu kazi nyepesi tu kuanzia miaka 14 na inakataza kazi yenye madhara. Tulijiwekea sharti kwamba hakuna kazi itakayofanywa nyumbani, dukani wala kwenye mtumbwi wa mtu binafsi. Mara moja tuliombwa "tuwatume vijana wenye makosa" wakapakue mizigo. Tulikataa, na aliyeomba hajatusalimia mpaka leo.

Fomu ni nzuri na nyingi mno. Ile ya ridhaa ya mzazi, ile ya kiapo cha kutunza siri na ile ya makubaliano ya mwisho tunazitumia kila kikao, baada ya kuzipunguza hadi ukurasa mmoja mmoja na kuacha nafasi ya dole gumba, kwa sababu walezi wengi wanaokuja ni mabibi. Zilizobaki zinahusu uhusiano na waendesha mashitaka, kampuni za bima na mabaraza ya miji ya kwao, na hazikutufaa. Ushauri wangu wa kifedha ni mdogo: msitoe kopi ya kitabu kizima. Sisi tulifanya hivyo kwa Sh 100 kila ukurasa, kisha duka tulilotumia likafunga spairo huku kurasa kadhaa zikiwa juu chini na nyingine hazimo kabisa, na kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kulipa tulizisoma kwa kugeuza kitabu kama usukani.

Kwa upande wa ujenzi wa jamii tulitumia zaidi Community Tool Box ya Chuo Kikuu cha Kansas, ambayo iko intaneti bila malipo na ina sura 46. Ni ghala kubwa. Sura zake za kuorodhesha mali na vipaji vilivyomo katika jamii, badala ya kuanza na matatizo, zilitusaidia kuchora ramani ya kata yetu: nani ana ukumbi, nani anajua kushona, ni fundi gani wa mitumbwi yuko tayari kuelezea hesabu zake kwa kijana. Kwa wale waliowahi kukaa kwenye mikutano ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo inayoendeshwa na halmashauri zetu, nusu ya mambo haya hayatakuwa mageni, na nusu nyingine itawapa mbinu za kuyafanya vizuri zaidi. Shida ni wingi: mtu anaweza kuzunguka humo mwezi mzima akisoma na asifanye mkutano hata mmoja. Chagueni sura mbili.

Niseme pia juu ya huduma moja ya kulipia. Tulihudhuria semina ya siku mbili hapa mjini kuhusu haki rejeshi, yaani haki inayolenga kurekebisha madhara na kupatanisha badala ya kuadhibu, kwa ada ambayo kwetu haikuwa ndogo. Chakula kilikuwa kizuri. Mwezeshaji alielezea vizuri chimbuko la mikutano ya familia, ambamo ndugu huketi pamoja kuamua juu ya kijana aliyekosa, huko New Zealand, ambayo sheria ya mwaka 1989 iliiweka rasmi kwa kufuata desturi za Wamaori, lakini hatukufanya zoezi hata moja, na tulipoomba nakala za slaidi tuliambiwa ni mali ya kampuni. Mtu anayetaka kulipia mafunzo na aulize kwanza ni saa ngapi atakuwa amesimama akifanya, na ataondoka na karatasi gani mkononi.

Je, mpango wenyewe unafanya kazi? Makabrasha ya utangazaji yanasema ndiyo bila kupepesa, na hapo nayapunguzia alama. Utafiti wa Urban Institute, taasisi ya utafiti ya Marekani, wa mwaka 2002, uliolinganisha mipango ya Alaska, Arizona, Maryland na Missouri na utaratibu wa kawaida, ulitoa picha yenye mikunjo: huko Alaska vijana waliorudia makosa ndani ya miezi sita walikuwa asilimia 6, ikilinganishwa na asilimia 23 ya wenzao waliopita njia ya kawaida, lakini Maryland tofauti haikuwa ya kutegemewa kitakwimu. Kinachonikwaza, na lazima nikiseme, ni kwamba mpango wa Anchorage huko Alaska una mawakili vijana wanaosomeshwa na kufanya mtihani kabla ya kuruhusiwa kusimama, yaani mfumo ule ule nilioukataa. Ninavyousoma mimi, nguvu yake ilitoka kwenye kuachiwa vijana waendeshe shughuli wenyewe, wala haikutoka kwenye joho. Lakini anayeniambia nimejisomea ninachotaka sitambishia kwa nguvu.

Kwa anayeanza leo, ningemwambia asome kwanza sehemu ya 9 ya Sheria ya Mtoto yenye vifungu vya mahakama, kisha sura ya kwanza ya miongozo, kisha mazoezi ya maswali, na afungue ukurasa wa fomu siku ya shauri la kwanza. Toleo fupi la Kiswahili tunaloliandaa lina kurasa 18 hadi sasa, na afisa ustawi wa jamii wa kata ameahidi kulipitia kabla hatujalipeleka kwa wenzetu wa Igogo na Sengerema. Ukurasa wa 11, ambao unapaswa kumwelekeza mwezeshaji afanye nini wajumbe wanapoomba viboko, bado ni mweupe. Vijana wameomba wauandike wao, na Jumamosi iliyopita walibishana juu ya sentensi ya kwanza mpaka mlinzi akaja kufunga geti.